Barua ya wazi: Habari za tumboni haziwafikii maafisa ustawi wetu

Newala, Mkoa wa Mtwara
Mwezi Agosti

Kwa Waheshimiwa viongozi mnaosimamia ustawi wa jamii, afya na elimu katika mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na wakubwa wenu wa wizara walioko Dodoma.

YAH: KUWAWEZESHA MAAFISA USTAWI WA JAMII KUWASAIDIA WATOTO WALIODHURIKA NA POMBE NA DAWA ZA KULEVYA WAKIWA TUMBONI

Waheshimiwa,

Wale mlionizidi umri, shikamooni. Wengine nawasalimu kwa heshima ya dhamana mliyobeba.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Kwa miaka 31 nimepokea watoto katika zahanati na vituo vya afya vya huku juu kwenye uwanda wa Makonde, na tangu nistaafu nimekuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata yetu. Jambo ninalowaandikia leo nimekwisha kuliandika mara tatu kwa njia ya kawaida. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili nikaambiwa faili limehamia kwa mtu mwingine. Ya tatu nilijibiwa kwa mdomo, tena koridoni, kwamba "linafanyiwa kazi". Ofisi hiyo siitaji, kwa kuwa sina ugomvi na mtu. Lakini misimu miwili ya korosho imepita tangu siku ile, na mtoto aliyenifanya niandike barua ya kwanza, ambaye alikuwa na miaka tisa, sasa ana kumi na moja. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Niruhusuni nianze na mtoto huyo.

Analelewa na bibi yake mzaa mama. Yuko darasa la tatu na kusoma bado. Jumatatu anahesabu mpaka ishirini bila kukosea, Jumatano hata kumi hafiki, na mwalimu anaamini anafanya makusudi. Ukimwambia achukue ndoo, apitie kwa mama mdogo kuomba ungo, kisha achote maji, atatoka na ndoo na utamkuta njiani anacheza na ndoo hiyo hiyo. Vitu vya watu anavichukua mchana kweupe, hajifichi. Msimu uliopita vijana wanaonunua korosho kwa kangomba, yaani kwa magendo, walimtuma akachota korosho zilizoanikwa uwanjani kwa jirani, akawapelekea, wakampa maandazi mawili. Alipoulizwa alikubali. Akaulizwa na wizi mwingine ambao hakuwepo kabisa, akakubali na huo.

Akapelekwa kituoni. Afisa ustawi wa jamii akaitwa: kijana msomi, mpole, aliyekuja kwa bodaboda ya fedha yake mwenyewe. Akakaa na bibi saa nzima. Mwishoni akaandika kwamba mtoto ni mtukutu, malezi ni hafifu, mama ni mlevi, na kwamba bibi ashauriwe kusimamia nidhamu. Bibi yule alitandika fimbo wiki nzima kwa kutii ushauri, na yeye mwenyewe akilia.

Mtoto yule nilimpokea mimi. Ilikuwa Novemba, mabibo yamejaa chini ya mikorosho, na mama yake alifika leba usiku akinuka uraka, pombe ya mabibo. Haikuwa mara ya kwanza, maana hata kliniki alikuwa akija hivyo. Mtoto alizaliwa mdogo ingawa miezi ilitimia, akashindwa kunyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Niliandika saa ya kuzaliwa, uzito na hali ya kondo la nyuma. Habari ya pombe sikuiandika. Nilifundishwa kuuliza presha, damu, kaswende na VVU. Kuhusu pombe sikufundishwa kuuliza, nami nikaona kuandika ni kumwaibisha binti wa watu. Kwa hiyo habari ambayo ingemsaidia afisa yule kuelewa anachokiona ilikufia mikononi mwangu miaka kumi na moja kabla yeye hajafika. Nalikiri hili kwanza, ndipo niwadai ninyi.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Habari ya mimba haisafiri na mtoto.

Mkunga anajua, bibi anajua, jirani anajua, na mara nyingi muuza uraka ndiye anayejua zaidi ya wote. Anayetakiwa kuamua maisha ya mtoto ndiye asiyejua. Afisa ustawi anamkuta mtoto akiwa na miaka saba, tisa au kumi na tatu, tayari ameshapewa majina: mtukutu, mzembe, mwizi, zezeta. Hakuna karatasi inayomwambia mtoto huyu alianzia wapi. Naye akiuliza "mama yako anakunywa?" anapata jibu la leo, wakati swali lenye maana ni la miezi ile tisa.

Mbaya zaidi, jambo hili lina uzito wa kisheria. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda alichotenda. Mtoto wangu huyu ana kumi na moja. Ni nani atakayelieleza hilo mbele ya Mahakama ya Watoto kama si afisa ustawi katika taarifa yake? Na ataelezaje kitu asichokijua?

2. Maafisa ustawi hawakufundishwa wanachokitazama.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilisoma habari hizi nikiwa nimekaribia kustaafu, tena kwa kusaidiwa na daktari mmoja aliyenipa makaratasi. Nayaeleza hapa kwa ufupi ili asitokee mtu akasema ni uzushi wa bibi kizee.

Pombe anayokunywa mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ini lake changa haliwezi kuivunja kama ini la mtu mzima. Uso na moyo huumbika katika wiki za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wamebeba. Ubongo hujengwa kuanzia hapo hadi siku ya kuzaliwa na kuendelea, kwa hiyo hakuna mwezi wa mimba ambao pombe haina la kufanya. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama, kiwe cha bia, cha tembo la mnazi, cha uraka au cha gongo. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakazipa dalili hizo jina la kitaalamu, "fetal alcohol syndrome". Basi ni elimu ya zaidi ya miaka hamsini.

Wapo watoto wachache ambao alama huonekana usoni: mpasuko wa jicho mfupi, mfereji ulio kati ya pua na mdomo umelala, mdomo wa juu mwembamba. Lakini wengi wao wana sura kama ya mtoto yeyote, na hapo ndipo wanapopotea. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba afisa asije akageuka mpiga ramli wa nyuso. Kinachoonekana kwa wengi ni mwenendo: kusahau leo alichokijua jana, kutounganisha kosa na matokeo yake, kushindwa maagizo mengi kwa mkupuo, kutoelewa saa na siku, kutoelewa kwamba kitu kina mwenyewe, kumwamini kila anayemtabasamia. Hilo la mwisho linaniogopesha kuliko yote, hasa kwa wasichana.

Na si kila mtoto wa namna hiyo alidhurika na pombe. Malaria iliyopanda kichwani, kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, utapiamlo, hata masikio yasiyosikia vizuri, vyote huweza kuleta sura inayofanana. Nimeona mtoto aliyeitwa mkaidi miaka miwili, kumbe masikio yalikuwa yanatoka usaha. Kazi ya afisa si kutoa jina la ugonjwa. Kazi yake ni kukusanya habari za mimba na za miaka ya mwanzo, kuhakikisha mtoto amepimwa macho na masikio, kisha kumpeleka kwa daktari akiwa na maelezo yaliyoandikwa. Hilo linahitaji mafunzo, ila halihitaji mashine.

3. Fimbo inatumika pale ambapo ingetumika akili.

Mtoto ambaye ubongo wake haushiki uhusiano kati ya tendo na adhabu, ukimchapa anajifunza kukuogopa tu. Kesho atarudia, nawe utaongeza. Mwongozo wa serikali unaruhusu shuleni viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, lakini mtoto huyu anaweza kupata vinne leo, vinne kesho na vinne keshokutwa, na hakuna aliyevunja mwongozo.

Baada ya ile wiki ya fimbo nilikwenda kwa bibi yake, tukakubaliana tujaribu njia nyingine. Naieleza kwa urefu kwa sababu haina gharama, na kwa sababu afisa yeyote anaweza kuifundisha akiwa amekaa mkekani.

Agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache na yale yale kila siku. "Chota maji." Akirudi ndipo apewe jingine. Badala ya kumwambia "usichelewe", aonyeshwe kivuli cha mwembe: kikifika hapa, rudi. Asubuhi ifuate mpangilio usiobadilika, na bibi akamchorea mpangilio huo kwa mkaa ukutani: kata ya maji, mswaki, kikombe, shati, daftari. Kitu kipya aonyeshwe kwa mikono, wala asihubiriwe, na kirudiwe mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Vitu vya jirani viwekwe mbali na macho yake, kuliko kumsubiri akosee. Darasani akae mbele, karibu na mwalimu, mbali na dirisha. Akikasirika apishwe, atulie kwanza, maneno baadaye.

Sisemi amepona. Ubongo uliodhurika haurudi kuwa vile ulivyopangiwa. Ila siku nyingi za wiki anakwenda shule akiwa na daftari mkononi, na tangu Februari hajachukua kitu cha mtu. Alasiri fundi mmoja wa vinyago amemkubali kibandani kwake, maana mikono yake inakumbuka kile ambacho masikio yake yanasahau. Anapiga msasa. Juzi alinionyesha kijiko alichokichonga mwenyewe.

Mwaka 1996 watafiti wa Seattle waliokuwa chini ya Ann Streissguth, baada ya kuwafuatilia watu wengi wa hali hii, walieleza kwamba waliogunduliwa mapema na kukulia katika nyumba tulivu, yenye walezi wasiobadilika-badilika, walipatwa na matatizo machache ukubwani, kama vile kufungwa jela au kuacha shule. Wenye hatari kubwa ni wale wanaohamishwa mara kwa mara. Huku kwetu mtoto wa namna hii huhamishwa kila anapokosea: kwa bibi, kwa mama mdogo, kwa baba wa Lindi mjini, mwisho Dar es Salaam kwa mtu wa kumfundisha kazi. Kila nyumba anaanza upya. Afisa ustawi ndiye anayeweza kusema "abaki hapa", na sisi Wamakonde, kama ndugu zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, tunajua neno hilo lazima lipite kwa mjomba. Afisa aliyetoka mkoa mwingine akimwandikia baba barua na kumruka mjomba, ameongea na ukuta.

4. Mama anatishwa, kwa hiyo anaficha.

Gongo imepigwa marufuku na sheria ya tangu mwaka 1966. Basi mwanamke anayeipika ili kulipa ada, au anayeinywa kwa kuwa hajui njia nyingine ya kulala, akiulizwa na mtu mwenye kitambulisho cha serikali atasema hajawahi kuionja. Nimesikia kwa masikio yangu mjamzito akiambiwa "tutakuitia polisi ukiendelea". Hakurudi kliniki. Alijifungulia nyumbani.

Hakuna mwanamke aliyewahi kuja kwangu akisema anakunywa ili amuumize mwanawe. Wengi hawakuwa wanajua wana mimba. Wengine waliambiwa na watu wazima kwamba uraka ni maji ya matunda tu, unaongeza damu. Wengine walikuwa wanapigwa. Na baba aliyekuwa akimnunulia kikombe cha pili hakuna anayemwandika popote.

5. Msimu tunaujua, lakini hatujipangi.

Kuanzia Oktoba mabibo yanadondoka, minada ya korosho inafunguliwa, fedha zinaingia mikononi. Uraka unakamuliwa kila kitongoji na unauzwa kwa bei ambayo hata mtoto wa shule anaimudu. Gongo hufuata, na mabibo yaliyokaushwa huiendeleza hata baada ya msimu. Hali ni hiyo Tandahimba na Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Serikali inajipanga kwa ajili ya magunia, maghala na mizani. Kwa ajili ya mimba zitakazotungwa katika miezi hiyo hiyo hakuna aliyejipanga.

6. Heroini.

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa pombe ndiyo inayowagusa wengi huku. Mtoto wa mama anayetumia heroini huanza kuonyesha arosto yake mwenyewe, yaani dalili za kukosa dawa, kwa kawaida ndani ya siku tatu za mwanzo: anatetemeka, analia kwa sauti kali, hanyonyi, hatulii. Anahitaji kufuatiliwa hospitali, chumba chenye utulivu, na kukumbatiwa. Na mama huyo akiwa bado mjamzito asiamriwe kuacha ghafla, maana kuacha ghafla ni hatari kwa mimba yenyewe. Tiba ya methadoni, ambayo Muhimbili waliianza mwaka 2011, ndiyo njia inayoshauriwa. Afisa ustawi asiyejua hilo anaweza kutoa ushauri wa kuua huku akidhani anaokoa.

Waheshimiwa, najua majibu yaliyopo mezani, kwa kuwa baadhi nimeshapewa.

Mtasema hakuna bajeti. Mafunzo ya siku tatu kwa maafisa ustawi wa halmashauri zetu yanaweza kubebwa na vikao ambavyo tayari vinafanyika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inamhusu mtoto wa hadi miaka 8. Msingi umeshawekwa, kilichokosekana ni sura hii moja.

Mtasema hakuna kipimo. Ni kweli, hakuna kipimo cha damu cha kumpima mtoto wa miaka tisa. Hata huko Ulaya na Marekani hakipo. Wanachotumia wataalamu ni historia ya mimba, ukuaji, sura na mwenendo. Katika hayo manne, historia ndiyo tunayoitupa kila siku bila gharama yoyote.

Mtasema hili ni tatizo la wazungu. Katika mashamba ya mizabibu ya Western Cape, Afrika Kusini, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kizazi baada ya kizazi, na sehemu hiyo leo ina idadi ya watoto wa namna hii inayohesabiwa kuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Huko pombe ilitoka kwenye zao lililowalisha watu. Naomba mtazame na zao letu.

Wapo watakaosema pwani yetu ni ya Waislamu, pombe haipo. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kukulia hapa. Ipo, na kuikana kunamfanya binti anayekunywa ajifiche mara mbili.

Na mtasema wanawake wakiulizwa watakimbia. Hili ndilo lenye uzito, na ninalo jibu lake, kwa kuwa nimelifanya mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulipoanza kuwapima VVU wajawazito, tuliambiwa maneno haya haya: watakimbia, wataachwa, tutawaaibisha. Tulijifunza kumuuliza kila mama, bila kuchagua, kwa sauti ile ile tunayoulizia mara ya mwisho kupata siku zake. Tulifunga mlango. Tuliandika kwa namna ambayo jirani akichungulia kadi hatambui kitu. Mtoto aliyezaliwa akafuatiliwa. Leo ni kazi ya kawaida ya kila asubuhi. Kwa pombe inawezekana vile vile, tena swali lenyewe ni jepesi: "Mama, kabla hujajua una mimba, ulikuwa unatumia uraka, tembo, bia au gongo? Na sasa?" Anayetaja chochote asemeshwe kwa upole, apewe miadi ya karibu, na anayetetemeka mikono akikosa pombe apelekwe hospitali badala ya kuambiwa aache leo hii.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, kila afisa ustawi wa jamii katika mikoa hii miwili, na wasaidizi wao wa kata, wapate mafunzo ya kumtambua mtoto wa hali hii, kuongea na mlezi wake na kuandika taarifa inayoeleweka mahakamani na shuleni. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama inawaandaa vijana hawa. Iombwe kuliingiza somo hili kwenye mitaala yake. Waalikwe na walimu, angalau mmoja kila shule.

Pili, swali la pombe na dawa za kulevya liulizwe kwa kila mjamzito, na jibu lihifadhiwe kwa siri na kituo cha afya, ili afisa ustawi mwenye kibali aweze kuliomba siku mtoto atakapohitaji msaada. Jibu hilo lisitumike kamwe kumshtaki mama. Hili lisipoandikwa na ninyi kwa waraka wenye sahihi, hakuna mama atakayetuamini, na atakuwa na haki.

Tatu, afisa ustawi apewe pikipiki na mafuta. Naona aibu kuliandika jambo dogo hivi kwenye barua kwa wakubwa, lakini kijana yule hakurudi kwa bibi mara ya pili kwa sababu hakuwa na nauli, na mtoto wa hali hii hasaidiwi kwa ziara moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Wajibu huo una miguu.

Nne, mabibi wanaolea wasiachwe peke yao. Waingizwe kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini pale wanapostahili, na kila kata iwe na siku moja kwa mwezi ya kukutana na kufundishana, afisa akiwepo. Bibi niliyemtaja ana maarifa ambayo hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Anaweza kuwafundisha wenzake kesho asubuhi akiitwa.

Tano, makungwi waitwe. Kwenye unyago binti anafundishwa usafi, heshima na namna ya kuishi na mume, na kungwi akisema neno, binti hulishika mpaka uzeeni. Neno "ukikosa siku zako, kikombe weka chini" likiingia kwenye mafunzo hayo litafika mbali kuliko mabango yetu. Vijana wa jando nao waambiwe kwamba anayemnunulia mkewe mjamzito pombe anamnunulia na mwanawe. Nimezungumza na makungwi watatu wa kata yetu. Wako tayari, wanasubiri kuitwa kwa heshima.

Ombi la sita ni dogo, lakini kwangu ni zito. Katika barua, mafunzo na vikao vyote hivyo, asitokee mtu akawaita hawa "watoto wa pombe" au "watoto wa uraka". Mtoto hakunywa. Na mama yake atalisikia jina hilo kisimani maisha yake yote.

Naomba jibu la maandishi kabla mabibo hayajaanza kudondoka. Mkitaka nije ofisini nitakuja, na barua zangu tatu za awali nitazibeba, pamoja na ile yenye muhuri wenu. Mkitaka kuja wenyewe, kamati yetu hukutana chini ya mwembe wa ofisi ya kata, na bibi amekubali kuwaonyesha ule ukuta wenye michoro ya mkaa.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata,
Newala.

Nakala:
Wabunge na madiwani wa mikoa ya Mtwara na Lindi
Walimu wakuu wa shule za msingi
Makungwi wa kata yetu
Bibi wa mtoto, asomewe